Tarumbeta la Mkono wa Kushoto

Msimu wa mavuno ukianza, rejeta hupasuka. Trekta zinazorudi kutoka mashamba ya Lupiro huchemsha maji njiani, pawatila, zile trekta ndogo za kuongozwa kwa mkono, huzibwa na matope, na malori ya mpunga yanayotoka Sanje hufika Ifakara yakifuka mvuke kama sufuria ya wali. Wenye magari hawaulizani waende wapi. Huzifungua rejeta zao, huzifunga nyuma ya pikipiki na kuzipeleka Mlabani kwa Eustaki.

Karakana ya Eustaki ilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba yake, lililopakana na jiko la mkewe Digna, kiasi kwamba makaa yalihama kutoka huku kwenda kule bila mtu kuomba ruhusa. Wazazi wake walishuka kutoka Mahenge akiwa bado anabebwa mgongoni. Sasa alikuwa na miaka hamsini na miwili, mrefu, mpole, mwenye vidole vilivyobabuka kwa tindikali. Alipenda rejeta za zamani, zile za shaba, kwa sababu ukizipasha moto zinakusikiliza. Hizi za siku hizi za alumini na plastiki alizitengeneza kwa kuwa watu wamezileta, lakini alisema hazina tiba, zina mazishi tu.

Jumamosi moja mwanzoni mwa Mei, shemeji yake Domitila, mdogo wake Digna, aliingia bandani na gunia begani.

"Hodi humu kwa watu wa masizi."

"Karibu, shemeji. Umetuletea mchele?"

"Nimewaletea maiti."

Akalimwaga gunia. Likaanguka tarumbeta kubwa la aina ya baritoni, lile la kukumbatia kifuani, mdomo wake mpana ukitazama juu. Tuseme, lilikuwa baritoni zamani. Sasa mdomo ulikuwa umekunjwa kama chapati, na bomba kuu lilikuwa bapa katikati, pamoja na jani la mgomba lililokauka ndani yake.

Eustaki alilifahamu. Kila mtu wa parokia alilifahamu. Miaka minne iliyopita, bendi ya parokia ilikuwa ikiandamana kwenye barabara ya Kivukoni ilipokutana na ng'ombe wa Masanja, Msukuma mmoja mfugaji, wakipelekwa kunywa maji. Ngoma kubwa ilipigwa, ng'ombe wakashtuka, aliyelipiga tarumbeta hilo akalitupa na kuruka mtaro, na fahali mmoja akalikanyaga akiwa na haraka zake. Tangu siku hiyo lilikaa stoo ya kanisa, na Masanja akabaki na jina la Masanja wa Tarumbeta.

"Unataka nilifanye nini?" Eustaki aliuliza. "Birika?"

Domitila hakucheka. Alikaa kwenye tairi, akaweka mkono wa kulia juu ya goti. Mkono huo ulikosa kidole cha shahada na cha kati. Mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga ulivichukua miaka miwili iliyopita. Kabla ya hapo alikuwa amepiga baritoni kwa miaka kumi na mmoja, mwanamke pekee kwenye safu ya matarumbeta makubwa. Tarumbeta lina vali tatu za kubonyeza kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia. Alijaribu kutumia vidole vilivyosalia, vikakataa. Alijaribu kuvusha mkono wa kushoto upande wa pili, lakini akitembea tarumbeta lilimponyoka. Baritoni lake mwenyewe, si hili la stoo, likapewa mtu mwingine, yeye akakabidhiwa matoazi.

"Mwalimu Dionisi ameniita jana," alisema. "Ameniambia sare yangu ina mtu anayeisubiri."

Eustaki alielewa. Katika bendi ile sare zilikuwa kumi na sita, hazikuongezeka wala kupungua. Mtu alipoacha kupiga, sare ilifuliwa, ikapigwa pasi na kurudishwa, na mwingine akaivaa siku hiyohiyo. Matoazi hayakuwa na sare. Mwalimu Dionisi, kiongozi wa bendi, alikuwa ameifumbia macho sare ya Domitila kwa miaka miwili, na hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa kwa mtu ambaye hakumfumbia macho hata paroko akichelewa.

"Amenipa hadi mazoezi ya mwisho kabla ya sikukuu ya Ekaristi," Domitila aliendelea. "Nikiweza kupiga, nibaki. Nisipoweza, niilete sare ikiwa imepigwa pasi. Nikamwomba hili la stoo. Akasema lichukue, hata kwa ng'ombe halifai tena."

"Na mimi nifanye nini?"

"Ulifufue. Kisha uligeuze, vali zije mkono wa kushoto."

Digna alichungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Baba Teddy, kabla hujajibu, kumbuka feni yangu uliyosema utaifufua."

"Feni ilikuwa ya plastiki, Mama Teddy."

"Na ahadi ilikuwa ya nini?"

Eustaki alilinyanyua tarumbeta, akaligonga kwa ukucha. Lililia kidogo, hata likiwa limepondeka vile. Shaba nzuri, ya watu waliotengeneza kitu wakitarajia wajukuu. Alitazama zile vali tatu. Hazikuguswa na kwato, ingawa vifungo vya kubonyezea vilikuwa vimepotea. Vijibomba vyake vifupi navyo vilikuwa vizima.

"Liache," alisema.

Alikuwa na majuma matano. Rejeta alizifanya asubuhi, na baada ya chakula cha mchana alifunga mlango wa bati nusu, watu wajue yupo lakini hayupo.

Kwanza alilipasha moto viungo, kimoja kimoja, risasi iliyovishikanisha ikayeyuka, akalitenganisha lote na kulipanga juu ya mkeka kama mifupa ya samaki. Mdomo mpana aliuvalisha kwenye kigogo cha mninga alichokichonga, akaunyoosha kwa nyundo ya mbao, akizunguka taratibu, siku tatu nzima. Mabonde ya kwenye mabomba yaliyopinda aliyatoa kwa gololi za beringi. Alianza na gololi ndogo, akaisukuma kwa nyingine, kisha kubwa kidogo, mpaka bomba likavimba na kurudi umbo lake.

Bomba kuu ndilo lililomsumbua. Pale fahali alipokanyaga, shaba ilikuwa imechanika. Alilipima urefu kwa makadirio, akakata kipande kibovu, na katika sanduku lake la mabaki akapata bomba la shaba la rejeta ya trekta kuukuu, upana uleule. Lilihitaji kupindwa. Bomba tupu ukilipinda linakunjika, kwa hiyo alikwenda Kivukoni, akachota mchanga laini kando ya mto, akaukaanga kwenye sufuria mbovu mpaka ukaacha kutoa hata harufu ya maji, kwa maana unyevu ukibaki ndani, moto utakupasulia bomba usoni. Akaujaza, akaziba ncha, akalipinda polepole juu ya makaa. Digna aliiona sufuria.

"Hiyo ilikuwa mbovu kweli, au umeifanya iwe mbovu?"

"Ilikuwa mahututi."

Kile kipande kilichochanika alikitupa kwenye lundo la vyuma chakavu, na mnunuzi wa vyuma alipopita akakichukua pamoja na vingine. Eustaki hakukifikiria tena.

Kisha akaligeuza. Bomba la kupulizia alilitoa upande mmoja akalilehemu upande wa pili. Vali alizisogeza zikae chini ya mkono wa kushoto, ya kwanza ikiwa chini ya kidole cha shahada. Mdomo mpana, uliokuwa ukiinamia upande mmoja, sasa uliinamia mwingine. Kwa ajili ya mkono wa kulia aliunganisha kitanzi cha shaba, kipana, ili kidole gumba na vile viwili vilivyosalia vipate pa kushika. Domitila alikuja mara nne kupimwa, kama mtu anayeshonewa gauni.

"Kitanzi kinabana, shemeji."

"Umenenepa."

"Vidole hivi viwili tu, ndivyo vimenenepa?"

"Vinakula fungu la watano."

Hapo alicheka, kwa mara ya kwanza ndani ya banda lile, na Eustaki akakipanua kitanzi.

Masanja alisikia habari hizo sokoni. Akaja mwenyewe, akiegesha baiskeli mlangoni, na kutoa mfukoni kitambaa chenye vifungo vitatu vya pembe ya ng'ombe, vyeusi, vimesuguliwa mpaka vinateleza.

"Nimesikia vile vya kubonyezea vimepotea," alisema. "Nimechonga hivi."

"Ni pembe ya yule fahali?" Eustaki aliuliza.

"Yule nilishamuuza zamani, mzee. Yeye aliondoka na sifa ya unono, mimi mkaniachia jina."

Vifungo vilikaa sawasawa. Kwa ukubwa wake vilipokea vidole vizuri kuliko vile vya asili. Masanja alikunywa chai, akasema wabeja, asante ya kwao, na kabla ya kuondoka akaomba aruhusiwe kupuliza mara moja. Alitoa mlio uliowafanya kuku wa Digna wahame ua.

Likabaki jambo la sauti. Eustaki hakuwa mpigaji. Alijua kwamba bomba refu hutoa sauti ya chini na bomba fupi sauti ya juu, basi. Binti yake Teddy, aliyekuwa chuoni Morogoro, alimtumia kwenye simu programu ya kupima sauti. Unapuliza, mshale unacheza, ukisimama katikati na kuwa kijani, sauti iko sawa. Domitila alipopuliza mara ya kwanza, mshale ulikimbilia kulia na kuwa mwekundu.

"Iko juu," Eustaki alisema.

"Mbona mimi naisikia sawa?"

"Shemeji, hiki ni kipimo. Hakina masikio ya kudanganywa."

Domitila alilishusha tarumbeta. Yeye naye hakuwa mtu wa kubishana na mashine, hasa baada ya yaliyompata. Eustaki akaongeza bomba kuu kwa upana wa vidole vinne, akalehemu, akasugua kiungo mpaka kisionekane. Mshale ukasimama katikati, kijani kibichi. Alilisafisha lote kwa limau na majivu ya pumba za mpunga, likawaka kiasi kwamba Digna aliliangalia, akajipanga kilemba ndani yake, na kwa siku mbili hakuitaja feni.

Mazoezi ya mwisho yalikuwa Jumatano alasiri, kwenye uwanja wa parokia, siku nne kabla ya maandamano ya Ekaristi. Eustaki alifuatana na Domitila. Alivaa shati la kanisani, jambo alilolijutia, kwa sababu watu walimtazama kana kwamba ndiye bwana harusi.

Mwalimu Dionisi alikuwa mtu mfupi, mwalimu wa shule mstaafu, mwenye fimbo nyembamba ambayo hakuwahi kumpigia mtu na ambayo kila mtu aliiogopa. Alilizunguka tarumbeta. Alibonyeza vali moja moja, akasikiliza pumzi yake.

"Umefanya kazi, Eustaki."

"Tumejaribu, Mwalimu."

"Haya. Domitila, mahali pako."

Wakaanza wimbo wa kwanza wa maandamano. Tarumbeta ndogo ziliingia, kisha zile za kati, kisha mabaritoni mawili. Eustaki aliona uso wa Domitila ukibadilika kabla hajaelewa alichokisikia. Sauti yake ilikuwa nzuri, pana, lakini ilikuwa imejitenga na nyingine, chini yake kidogo, na hewa baina yao ilitetemeka vibaya kama bati lililolegea. Mwalimu Dionisi aliinua fimbo. Kimya.

"Tena."

Ikawa vilevile. Kijana mmoja wa tarumbeta ndogo aliguna kwa kicheko. Mwalimu akamtazama tu, kikakatika.

"Linalia chini," Mwalimu alisema. "Sukuma bomba la kurekebishia."

"Limeshafika mwisho, Mwalimu."

Eustaki alijikuta amesogea, simu mkononi. "Samahani, Mwalimu. Nimelipima. Lipo sawa kabisa. Labda hawa wengine..."

"Wengine kumi na watano ndio wamekosea?"

"Simu inasema..."

Mwalimu Dionisi alimwomba simu. Akamwita mpigaji wa besi, akamwambia apulize. Mshale ukakimbilia kulia, mwekundu. Akamwita wa tarumbeta ndogo. Mwekundu. Akawapima watano, na wote watano walikuwa wekundu, kwa kiasi kilekile.

"Unaona?" Mwalimu alisema, bila ukali. "Matarumbeta haya waliyaleta mapadri wa zamani, yote pamoja, yalitengenezwa kwa sauti ya juu kuliko ya siku hizi. Kinanda cha kanisani ndiyo maana hatupigi nacho. Hili lako lilikuwa ndugu yao. Umelipeleka ugenini."

Eustaki aliangalia chini. Vidole vinne. Kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amelifikisha mahali pake, kisha akaliondoa kwa sababu ya mshale.

"Sare niilete lini?" Domitila aliuliza. Sauti yake haikuwa na lawama, na hilo ndilo lililomuumiza shemeji yake.

Mwalimu alifikiri. "Jumapili tunakusanyika saa moja asubuhi. Ukija na tarumbeta linaloimba na wenzake, utaingia. Ukija na hili kama lilivyo, uje na sare mkononi."

Walipofika kwenye daraja dogo la mtaro, Eustaki alisimama.

"Nisamehe, shemeji," Eustaki alisema. "Uliniambia unaisikia sawa."

"Nami nilipaswa kubisha. Nilinyamaza."

"Vile vidole vinne vya bomba nilivyoongeza nitavitoa. Lakini kile kipande cha zamani kimeshakwenda na mnunuzi, na wakati naongeza nilikuwa nikipima kwa mshale tu. Nikikata zaidi ya inavyotakiwa, sina bomba lingine la upana huu. Nahitaji kujua mahali penyewe hasa. Nikamwombe Mwalimu atukopeshe tarumbeta moja?"

"Matarumbeta hayatoki parokiani kabla ya sikukuu. Unamjua." Domitila alitembea hatua kadhaa. Kisha akafunga macho palepale njiani, pikipiki ikampigia honi, na akaimba noti moja, kwa mdomo uliofumbwa. "Hii ndiyo wanayoanzia. Nimeikalia miaka kumi na mmoja. Hata mashine ilipokata vidole, nilikuwa naisikia kichwani."

"Utaweza kuishika namna hiyo mara mia?"

"Ukinipa maji ya kunywa."

Alhamisi mchana alikuja na kuketi juu ya tairi. Eustaki alilifungua bomba kuu kwenye kiungo. Akakata kidogo, upana wa punje ya mchele, akasugua kwa tupa, akaunganisha bila kulehemu, kwa kubana tu na kitambaa chenye nta. Domitila akapuliza, akashusha tarumbeta, akaimba. Vilikuwa mbali. Akakata tena. Simu ilikuwa ndani ya nyumba, kabatini, Digna alikuwa ameificha bila kuambiwa.

Walikwenda hivyo siku mbili. Mwenye lori kutoka Sanje alikuja na rejeta, akasimama mlangoni, akamsikia mwanamke akiimba noti moja na fundi akikata bomba, akaiweka rejeta chini na kuondoka kimyakimya kama mtu aliyekuta watu wanasali. Kadiri walivyosogea karibu, ndivyo Eustaki alivyokata kidogo zaidi, mpaka ikawa si kukata tena bali kusugua, mara kumi kwa tupa, pumzi, mara tano. Alijifunza kutosikiliza noti yenyewe. Alisikiliza ule mtetemo baina ya sauti ya Domitila na mwangwi wa tarumbeta katika mabati. Ulikuwa wa haraka, ukawa wa taratibu, kama mtu anayechoka kugonga mlango.

Ijumaa jioni Domitila alipuliza, akashusha, akaimba. Akapuliza tena.

"Acha," alisema.

"Bado nasikia kitu kidogo."

"Hicho kidogo ni changu, nitakimaliza kwa midomo. Acha hapo, shemeji. Usiguse."

Digna alikuwa amesimama mlangoni, unga mikononi. "Lehemu, Baba Teddy," alisema, "kabla hujapata wazo lingine."

Akalehemu. Safari hii hakukisugua kiungo. Kilibaki na mkunjo wa risasi, wazi, kama kovu.

Jumapili saa moja asubuhi Domitila aliingia uwanja wa parokia na tarumbeta mkono mmoja na sare mkono wa pili, imepigwa pasi, tayari kwa lolote. Eustaki na Digna walibaki kwenye lango pamoja na waumini waliokuwa wakitandika khanga na kumwaga maua njiani. Kutoka pale waliona tu. Mwalimu Dionisi alimsimamisha peke yake na mpigaji wa besi. Wakapuliza pamoja. Mwalimu aliinamisha kichwa, akasikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akauliza kitu, Domitila akaingia chumba cha kubadilishia nguo.

Likazuka tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria. Tarumbeta lililogeuzwa liliinamia upande wake, na lile la mwenzake wa baritoni liliinamia upande mwingine, hivyo walipojipanga bega kwa bega midomo mipana ikagongana, ngaa, na safu nzima ikacheka. Mwalimu aliwabadilisha, ikawa kila mmoja anampulizia jirani yake sikioni. Mwishowe akamtoa Domitila katikati ya safu na kumweka pembeni kabisa, kushoto, peke yake kwenye ukingo wa barabara.

"Hapo ndipo pako tangu leo," alimwambia kwa sauti iliyofika langoni. "Na ukitembea, angalia mtaro."

Maandamano yakatoka. Msalaba ulipita, watoto wa komunyo ya kwanza wakapita, kisha bendi, sare kumi na sita nyeupe zenye mistari ya buluu. Eustaki alimwona Domitila akipita hatua tatu kutoka kwake, vidole vitatu vya kushoto vikipanda na kushuka juu ya vifungo vyeusi vya pembe, macho yake mbele. Hakumtazama shemeji yake.

Eustaki akafumba macho ili amsikie yeye peke yake. Alitafuta ile sauti aliyoishi nayo siku mbili, aliyoijua kuliko ya mtu yeyote pale. Alisikia besi, alisikia tarumbeta ndogo, alisikia ngoma, na chini ya vyote ule unene wa mabaritoni, mmoja, usiogawanyika. Alijaribu tena.

"Vipi?" Digna alimuuliza, akimvuta mkono waingie kwenye msafara. "Analia sawa?"

"Simsikii," Eustaki alisema.

Digna alimtazama usoni, akaona anavyotabasamu, akaanza kuimba na wenzake.